Fundi Kimya na Habari Njema

Baba yetu, ambaye alikuwa kinyozi na mtu wa mdomo, alipenda kusema kwamba kaka yangu ndiye fundi viatu pekee duniani ambaye mteja hawezi kumtukana akamuudhi. Watu walicheka. Kaka naye alicheka, kwa sababu aliona wenzake wanacheka. Utani huo hakuusikia hata mara moja, wala mwingine wowote. Homa ilimshika akiwa na miezi kumi, ikamwachia uhai, ikaondoka na masikio.

Mtaani walimwita Fundi Kimya. Jina lake halisi lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa, ndani ya sanduku la mama, na huko ndiko lilikokaa, maana mwenyewe hakuwahi kujua kwamba analo. Shule ya viziwi ilikuwepo, ila mbali, na kila mwaka baba alipokwenda kuuliza aliambiwa nafasi zimejaa, arudi mwakani. Akarudi miaka sita. Wa saba wakamwambia mtoto ameshapita umri.

Basi tukajitungia lugha yetu ya mikono. Baba alikuwa vidole viwili vinavyokata kama mkasi karibu na sikio. Mama alikuwa kidole juu ya nyusi, pale alipokuwa na kovu. Mimi kitinda mimba nilikuwa kupangusa pua kwa kiganja, kwa sababu utotoni sikukosa makamasi. Nilifika miaka thelathini, nina mume na cherehani yangu, na jina langu kwa kaka likabaki lile lile.

Tulikuwa na ishara labda mia moja. Zilitosha kwa chakula, mvua, kiatu cha kushoto, gundi imekwisha, yule mteja mkorofi amerudi. Kwa kufa tulikuwa na moja: kiganja kinageuzwa, kinatazama chini. Tuliitunga siku baba alipoanguka dukani kwake na wembe mkononi, kaka akiwa na miaka ishirini. Kwa Mungu hatukuwa na ishara. Haikuwahi kuhitajika. Baba alikuwa akisema yeye na Mungu wanaheshimiana kwa mbali.

Baada ya kumzika baba, mama akawa hana pa kupeleka jioni zake. Jirani mmoja akamwalika kanisani, akaenda mara moja kwa adabu, mara ya pili kwa kupenda nyimbo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amebatizwa, ana kitambaa cheupe kichwani na nafasi yake kwenye benchi la tatu. Sikumlaumu. Alirudi kucheka. Alianza tena kula chakula akakimaliza.

Halafu ikaja Jumapili ya mahubiri yale.

Nilikuwepo, nimemsindikiza. Mchungaji alihubiri juu ya watu wa mbali, wa milimani na misituni, ambao habari za Yesu hazijawafikia. Alisema wanapotea kila siku, maelfu kwa maelfu, si kwamba ni wabaya kutushinda sisi, ila hakuna aliyewaambia. Asiyesikia ataaminije? Na asiyeamini ana njia gani? Alisema moto hauulizi mtu alizaliwa wapi. Kanisa zima likaitikia amina. Mama hakuitikia. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi la mbele, na nilipomgusa mkono ulikuwa wa baridi kama kisahani.

Jumatatu asubuhi alinivuta twende ofisini kwa mchungaji. Hakuketi.

"Mchungaji, hao wa mbali nimewaelewa. Na aliye karibu je?"

"Aliye karibu ameshasikia, mama. Asipoamini, hilo ni shauri lake."

"Wangu yuko hatua mia mbili kutoka mlangoni pako. Ndiye aliyeshona hivyo viatu ulivyovaa."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alifikiri kwanza. "Watoto wachanga," akasema, "na wale ambao akili zao hazijatimia, tunaamini Mungu anawahurumia."

"Akili za mwanangu zimetimia na kubaki. Ni masikio tu."

"Basi mfundishe, mama. Wewe ndiye unayejua lugha yake."

"Nina ishara mia moja, na nyingi ni za viatu. Ninyi mnapeleka watu nchi za nje wakajifunze lugha za wageni miaka mitatu, minne. Hamna hata mmoja wa kwenda kujifunza ya mikono, akarudi akamwambia huyu?"

"Ni wazo zuri," mchungaji akasema. "Tutaliweka kwenye maombi."

Likawekwa kwenye maombi. Likakaa huko mpaka mwisho.

Mama akaanza mwenyewe. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alimketisha kaka kwenye kigoda, yeye mbele yake, mimi pembeni nikipindia nguo za wateja. Siku ya kwanza alinyoosha kidole juu, juu kabisa, macho yamemtoka kwa bidii. Kaka akaruka akatoka mbio kuanua nguo kambani. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Mama hakucheka.

Siku nyingine alitaka kumwonyesha dhambi. Alichukua kiatu cha mteja kwenye mfuko wa kaka, akakificha chini ya kanga, akafanya uso wa mwizi, kisha akajipiga kifua. Kaka aliumwaga mfuko wote sakafuni, akavipanga viatu jozi kwa jozi, akavihesabu mara mbili. Vilitimia. Siku mbili nzima hakula vizuri. Alidhani mama anamshuku kwamba anaiba viatu vya watu.

Ndipo mama akaleta picha. Ilikuwa kwenye kalenda ya kanisa, Yesu ametundikwa msalabani, imechorwa vizuri mno, kila jeraha na damu yake. Kaka aliishika kwa mikono miwili akaisogeza kwenye taa. Misumari aliijua, ndiyo kazi yake. Niliona kidole chake kikipima ule wa miguuni, kisha akatazama miguu yake mwenyewe, na uso wake ukakunjamana kana kwamba anaumwa. Akauliza kwa mikono: nani? Nani amefanya hivi?

Mama alikuwa amefundishwa jibu. Akajigusa kifua. Akanigusa mimi. Kisha akamgusa yeye.

Kaka alitikisa kichwa, akatikisa tena. Akafungua viganja vyake, vyeusi kwa gundi, akatuonyesha mbele na nyuma, kama mtu anayetaka akaguliwe. Si mimi. Angalieni. Si mimi.

"Ndiyo, ndiyo, si wewe, tulia baba," mama akasema kwa mdomo, machozi yakimtoka, na haraka haraka akaendelea na lililo kubwa zaidi. Akageuza kiganja chini: amekufa. Kisha akakigeuza juu: amefufuka. Kiganja juu hakikuwa na maana yoyote nyumbani kwetu. Kaka alikitazama. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama, akaugeuza chini taratibu, kama unavyomrekebisha mtoto aliyevaa kiatu mguu usio wake. Alikuwa amemwona baba sakafuni dukani. Hakuna aliyekuwa na la kumwambia kuhusu kufa.

Hayo yalikwenda miaka, si wiki. Mama hakukata tamaa ila alikonda. Alianza kuamka akiwa ameshachoka. Kaka akichelewa kurudi dakika kumi, mama alisimama mlangoni akichungulia barabara, na nilijua haogopi magari kama wamama wengine. Aliogopa kitakachokuja baada ya gari.

Mwaka wa kumi na mbili akaamua kumpeleka kanisani, akaone kwa macho. Nyuma ya mimbari kulikuwa na mtu wa mbao, msalabani, ukubwa wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alimtoa kama zawadi. Misumari yake ilikuwa ya kweli, ya inchi sita, kichwa bapa. Kaka alikaa kati ya mama na mimi. Watu waliimba, wakasimama, wakaketi, wakafumba macho. Yeye hakuondoa macho yake pale ukutani. Mara mbili alinigusa goti na kuniuliza: hawa wote wanamwona? Nikamjibu wanamwona. Akatazama watu mmoja mmoja, benchi kwa benchi, mwisho akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Kesho yake tulikuwa kazini. Kibaraza chetu kilikuwa chini ya ngazi za duka la vifaa vya ujenzi, cherehani yangu upande wa nje penye mwanga, yeye ndani na chuma chake cha kuvishia kiatu. Alikuwa na kiatu cha mteja kwenye chuma, soli nusu imebanduliwa. Akainuka, akachukua koleo na nyundo ndogo, akaondoka. Kaka hakuwa mtu wa kuacha kiatu nusu. Nikadhani amekwenda kusaidia mtu jirani.

Baada ya robo saa mlinzi wa kanisa akaja anahema. "Dada, njoo umtoe kaka yako kabla sijamfanyia kitu kibaya."

Nilimkuta amesimama juu ya benchi alilolisogeza hadi ukutani. Msumari wa miguu ulikuwa umeshatoka, na wa mkono wa kulia. Mtu wa mbao alikuwa ananing'inia kwa mkono mmoja, na kaka amemwegemeza begani asianguke, anahangaika na koleo kuufikia msumari wa mwisho. Alikuwa anatoka jasho. Aliponiona uso wake ukafunguka. Akapangusa pua kwa kiganja, jina langu, akaniita: njoo. Njoo tushike wote.

Sikwenda. Pale pembeni alikuwepo katibu wa kanisa na wamama wawili wa usafi na mafagio yao, wote wananitazama. Nikasimama pamoja nao.

Mlinzi akavuta benchi. Wakaanguka wote wawili, kaka na mtu wa mbao, na mkono wa yule wa mbao ukakatika kwenye kiwiko. Mlinzi akampiga kaka kofi, akampiga la pili. Kaka hakujikinga. Alikuwa ameshika kile kipande cha mkono, anakilinganisha na kiwiko, na alipopata nafasi akanigeukia akafanya ishara ya gundi. Nilete gundi, alisema. Itashika.

Wazee wa kanisa waliketi siku ya Jumatano. Mama alijieleza amesimama. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu aliyekuwa na sauti ya darasani mpaka leo, alimsikiliza kisha akasema, "Mama, tunakuhurumia, lakini ameharibu mali ya Mungu."

"Aliona mtu ametundikwa akaenda kumshusha," mama akasema. "Ninyi mmekaa mkimtazama pale miaka mingapi? Nani kati yenu aliwahi hata kuwaza hivyo?"

"Mama, ile ni sanamu."

"Yeye hakuambiwa kwamba ni sanamu. Hajaambiwa kitu chochote. Si ndicho ninachowaambia siku zote?"

Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Uamuzi ukawa kwamba Fundi Kimya asiingie tena kanisani bila mtu wa kumsimamia, na kwa kuwa hakujitokeza wa kumsimamia, hakuingia tena. Sanamu ilitengenezwa na seremala. Safari hii waliifunga kwa skrubu.

Miaka minne baadaye kifua kikamkamata. Daktari alisema ni vumbi la ngozi na moshi wa gundi, miaka ishirini na zaidi kwenye kibaraza kisicho na dirisha. Walimlaza wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na sinki. Wauguzi walimpazia sauti, kama watu wengi walivyofanya, kana kwamba uziwi ni umbali. Mimi na mama tulipokezana kukaa naye ili awepo wa kumwambia dripu ni nini na kwa nini asiing'oe.

Wiki ya tatu akaja mwinjilisti wa kanisa, mtu mpole, na Biblia yake chini ya kwapa. Alipiga magoti kando ya kitanda. Aliomba muda mrefu, kisha akamwambia kaka, polepole, akitamka kila neno kwa mdomo mpana: "Kama unampokea Yesu, inua mkono." Akainua wake ili kumwonyesha.

Kaka alimtazama. Akatazama mkono ule. Akainua wake, ule wenye sindano ya dripu, uliokuwa umevimba, akatugeukia sisi akafanya ishara kwa mwingine: unauma. Hapa ndipo unauma.

"Haleluya!" mwinjilisti akalia, machozi kweli kweli. Akamkumbatia kaka. Akatukumbatia sisi. Mimi nilikumbatika. Mama alibaki amesimama wima kama nguzo.

Alikufa Alhamisi, saa nne asubuhi, wakati wanapitisha chai wodini.

Saa nane mchungaji alikuwa sebuleni kwetu. Alikuja na habari njema, na naamini alifurahi kuileta. Mwinjilisti ameshatoa ushuhuda, akasema. Kijana aliokoka kitandani. Kanisa litamzika, kwenye makaburi ya kanisa, kwa heshima zote, na mama asiwe na hofu tena.

"Hakuinua mkono kwa ajili ya Yesu," mama akasema. "Aliinua kwa ajili ya sindano. Alituambia unamuuma."

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "nyamaza, tumzike."

"Mama yangu," mchungaji akasema, "kwa nini unajinyima faraja?"

"Kama ilikuwa inatosha mkono kuinuka, mimi ningemshika nikamwinulia siku ile ya kwanza, nikalala usingizi miaka kumi na sita. Uliniambia haitoshi. Ulisema lazima asikie. Hakusikia. Sasa niambie, yuko wapi?"

"Hayo tumwachie Mungu."

"Siku ya mahubiri hukumwachia Mungu. Siku ile ulijua."

Mchungaji akatazama viatu vyake, kama siku ile ofisini. Nilimtazama, mtu mzima mwenye mvi, nikagundua kwamba hakuwahi kuliamini lile jambo jinsi mama alivyoliamini. Alilihubiri akaenda kula chakula cha mchana. Mama ndiye aliyelibeba nyumbani.

Tulimzika makaburi ya manispaa, mashariki mwa mji. Walikuwepo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mume wangu, wateja saba au wanane, na wachimbaji waliotuhimiza kwa sababu kulikuwa na mwingine anasubiri. Mwinjilisti alikuja peke yake, akasimama mbali kidogo, akaondoka.

Mwezi ulipopita mama akavaa vizuri, akaenda kwa katibu wa kanisa. Nilikwenda naye.

"Nataka jina langu lifutwe kwenye kitabu cha washirika," akasema.

"Unahama, mama? Tutakupa barua ya utambulisho."

"Sihami."

"Umekosana na mtu?"

"Sijakosana na mtu. Futa."

Katibu akafungua daftari kubwa, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho. "Mama, hapa nina sababu tatu tu. Amehama, amefariki, ametengwa kwa dhambi."

"Basi nitengeni."

"Kwa dhambi gani? Wewe huna."

"Andika kwamba nataka kwenda aliko mwanangu. Kama yuko kwenye huo moto wenu, hakuna huko hata mtu mmoja anayejua ishara zake. Nani atamwambia kinachoendelea?"

Yule katibu, mtu wa kalamu na mihuri, alivua miwani. Alisema atalifikisha kwa wazee. Wazee wakasema mama ana majonzi, aachwe, wakati utamponya. Wakamtumia wamama wa kumfariji na kikapu cha matunda.

Hakukanyaga tena kanisani. Kitambaa cheupe alikifanya tambara la kupangusia cherehani yangu. Jumapili alikaa kibarazani chini ya ngazi, kwenye kigoda cha kaka, nyimbo zikimfikia kutoka mtaa wa pili, mdomo wake ukizifuata bila yeye kutaka. Aliishi miaka miwili na nusu. Siku za mwisho alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nikifa usiwaache wanichukue. Nipeleke kwa ndugu yako." Nikamwahidi.

Sikutimiza. Sitatafuta maneno ya kujipamba. Mama alikufa mwezi ambao mume wangu naye alikuwa kitandani, wakwe zangu wote ni watu wa kanisa, na kabla sijafumba macho yake vizuri walishafika na viti, turubai, kwaya na jeneza. Makaburi ya manispaa yalikuwa yamejaa upande ule wa kaka, ningepata nafasi mbali naye vilevile. Hizo zote ni sababu. Katibu akaleta karatasi: mshirika hai, amebatizwa, hana doa. Nikatia saini.

Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema mama alikuwa mwanamke wa imani, na mimi nikafikiri kwamba hilo angalau ni kweli, kuliko anavyojua. Alisema sasa anapumzika na Mwokozi aliyempenda. Walimzika magharibi mwa mji, kwenye nyasi zilizokatwa, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe.

Tulipomaliza mchungaji alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama yako yuko mahali pema," akaniambia.

"Asante, mchungaji," nikasema. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu ya watu wanaosubiri kumpa mkono.